Mashine Iliyotakiwa Kulalamika Yenyewe

Anayetaka kusikia asogee. Asiyetaka asinipotezee muda, maana hadithi hii si ndefu na mimi si mtu wa kubembeleza.

Iko nchi inaitwa Ahadini. Usiitafute kwenye ramani, wala usiniulize Sikudhani binti Mfaume aliifikaje, kwa kuwa njia ya huko kila mtu anaijua: unanunua kitu, kinaharibika, unaambiwa kirudishe kilikotengenezwa, na kabla hujapata akili umeshafika. Sikudhani alifika ana vumbi hadi magotini, kikapu begani, na ndani ya kikapu kompresa ndogo iliyokufa.

Kompresa hiyo kazi yake ilikuwa kujaza bunduki ya upepo. Kijijini kwao Mapingoni watu wanaishi kwa kuku, na kunguru wanaishi kwa vifaranga vya watu. Kunguru wa Mapingoni si wa kutishwa na sanamu. Ukiwasimamishia sanamu wanatua kichwani pake, wanapanga kutokea hapo waingie banda lipi. Sikudhani ndiye aliyesimama mbele ya wanawake wenzake akawaambia yatosha, tutafute bunduki ya upepo, mimi nitakuwa mpigaji. Walimkubalia kwa sababu mkono wake hautetemeki, na kwa sababu hajawahi kuwaambia neno asilolitimiza. Lakini bunduki ile haikutaka upepo wa pampu ya baiskeli. Ilitaka upepo uliobanwa sawasawa, na hapo ndipo ilipokuja kompresa ya Ahadini, nyepesi, ya kubeba mkononi, ya kuunganisha na betri ya pikipiki, pamoja na dhamana yake iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu.

Mara ya kwanza ilijaza vizuri. Mara ya pili ilijaza huku inanuka plastiki inayoungua. Ilipowashwa tena ilikohoa, ikatetemeka, ikanyamaza kimya. Kunguru walizipata habari siku hiyohiyo, wakawa wanakuja kutua juu ya mtutu.

Na wakati huo kuku wa kijiji kizima walikuwa wameatamia. Wanawake hawakumgombeza Sikudhani, jambo lililomuuma kuliko kugombezwa. Bi Mwanakheri, jirani yake, alisema tu kwamba mayai hayamngoji mtu. Asubuhi iliyofuata Sikudhani akashika njia, akiwa amewaahidi kurudi na upepo kabla vifaranga havijatoka mayaini.

Langoni mwa Ahadini walinzi hawakumpekua kutafuta silaha. Walikuwa wanatafuta bisibisi. Waliinua kila kitu kikapuni, wakapapasa hata mshono wa kanga, na walipoona hana bisibisi walitabasamu wakamkaribisha kwa salamu ya nchi yao. Salamu yao si kuulizana habari. Mmoja husema, "Utatunzwa," na mwenzake hujibu, "Nangoja." Sikudhani alijibu marahaba, wakamwonea huruma.

Mjini aliona karakana zao, vibanda vya mabati yaliyotoboka, na pembeni mwake Jumba la Ahadi lenye nguzo za marumaru. Sokoni alikuta umati umemzunguka muuza maandazi. Maandazi yenyewe yalikuwa yamefunikwa. Muuzaji alikuwa anasoma kwa sauti ahadi ya andazi: kwamba litakuwa laini, litakuwa la moto, na kwamba likikosa utamu yeye muuzaji atahuzunika bega kwa bega na mlaji. Watu walisikiliza vichwa chini, na mzee mmoja alikuwa anafuta machozi. Sikudhani alikuwa na njaa. Alifunua kitambaa akalimega andazi, akalikuta la juzi, gumu kama kisigino, na soko lote likamgeukia. Ndipo alipoelezwa kwa upole kwamba huko kuonja ni tusi, kwa kuwa anayeonja anamwambia mwenzake neno lako halinitoshi. Sikudhani aliomba radhi, ila alilitema lile andazi.

Wakamwelekeza kwa Bwana Radhi, Msajili wa Malalamiko. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Alimpokea amesimama, akamletea maji ya kunywa na beseni la kunawa miguu, na kabla hajauliza lolote akampa pole. Huko pole ni kazi ya serikali, ina idara yake na vyeo vyake. Iko pole ndogo, anayoitoa karani mmoja. Iko pole kubwa, inayotolewa na makarani watatu wameshika vifua. Na iko pole ya taifa, ambayo hutoka na ngoma, lakini hiyo mtu huipata akiwa ameshazeeka nchini humo. Sikudhani alipewa ndogo, na Bwana Radhi akamnong'oneza kwamba akitulia anaweza kupandishwa.

"Nashukuru, lakini pole haijazi bunduki," Sikudhani alisema. "Mashine yenu imekufa. Nitengenezeeni au nipeni nyingine, kama mlivyoandika."

Bwana Radhi aliuliza ni nani aliyeumia. Sikudhani akajibu kwamba aliyeumia ni yeye, na wanawake wa Mapingoni, na kuku wao.

"Samahani, mama yangu," Bwana Radhi alisema. "Wewe unatembea na unasema. Aliyeumia ni mashine. Na kwa sheria yetu mlalamikaji ni yule aliyeumia, mwingine haruhusiwi kumsemea. Tutaiweka kitini, tutaipa betri ya serikali ipate nguvu, na tutaiuliza."

"Ikinyamaza?"

"Itakuwa imeridhika."

"Na ikinguruma?"

"Itakuwa nzima, alhamdulillahi."

Mimi ninayesimulia ningekuwa nimeshampiga mtu na kikapu. Yeye Sikudhani aliuliza tu sheria hiyo aliitunga nani. Bwana Radhi akamweleza kwa fahari kwamba zamani wenye mashine walikuwa wanakuja kulalamika ovyo, kila mtu na lake, hata ikawa haiwezekani kujua mkweli ni yupi. Ndipo wahenga wao walipoamua kuzisikiliza mashine zenyewe, maana mashine haina husuda wala haina shida ndogondogo. Tangu siku hiyo haijapatikana mashine hata moja iliyolalamika, na kwa hiyo, kwa hesabu za Ahadini, chini ya jua hakuna mashine bora kuliko za kwao.

Sikudhani akasema basi ifunguliwe, waangalie ndani. Bwana Radhi aliinuka akafunga mlango. Akamwonyesha lakiri nyekundu iliyobandikwa juu ya skrubu za kompresa, akasema kwamba anayeikata lakiri ile amevunja ahadi kwa upande wake. Mtu asiye na ahadi nchini humo hasalimiwi wala halali chini ya paa. Ndani ya mashine, alisema, hakuna aliyewahi kuona, hata yeye; hata waliozitengeneza walikuwa wanatazama pembeni.

Akapelekwa kulala Nyumba ya Wanaongoja, na nyumba hiyo, tusiseme uongo, ilikuwa nzuri. Kulikuwa na wali na mboga, kulikuwa na mikeka mipya. Kulikuwa na wageni wengi, kila mmoja na mashine yake mapajani, wameipangusa ikang'aa. Aliyemkaribisha aliitwa Makungu, mtu mzima mwenye mvi, aliyekuja na kompresa ya namna ileile. Kwao alikuwa na shamba la mpunga, na bunduki yake ya upepo ilikuwa ya kulinda mpunga usiliwe na ndege.

Makungu alimpa mkeka mzuri akaanza kumfundisha desturi. Alimwambia ajifunze kutoa pole ili naye apewe. Asiseme mashine imekufa, aseme imetulia. Kisha akamwonyesha kompresa yake, ambayo shingoni ilikuwa imevalishwa nishani bapa ya shaba. Ilikuwa Nishani ya Subira. Mashine yake ilikuwa imekaa kitini mara nyingi kuliko mashine yoyote ya mgeni, na haijawahi kutoa neno.

Sikudhani alimuuliza shamba lake linaendeleaje. Makungu alishughulika kwanza na kupangusa mashine, halafu akasema kwamba mdogo wake alimletea habari. Ndege walikula wakamaliza, mdogo wake akalihama shamba, na sasa hajui yuko wapi. Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia ya jirani, lakini kitambaa kilikuwa kimesimama mkononi.

"Zoea, dada," alisema. "Kwetu nani alikuwa ananisikiliza? Hapa angalau nasikilizwa."

"Anayesikilizwa ni mashine yako, kaka," Sikudhani alimjibu. "Nayo haijasema kitu."

Makungu aliondoka akaenda kula peke yake. Sikudhani alijuta kidogo, maana mtu aliyekwama humpigi teke. Lakini aliuona wali ule, na mikeka ile, na wale watu wenye mashine zinazong'aa, akaingiwa na hofu ambayo kunguru hawakuwahi kumtia. Aliona kwamba akila huko siku chache tu ataanza kuupenda wali huo, na vifaranga vya Mapingoni vitaliwa yeye akiwa anangoja pole kubwa. Usiku huo hakugusa chakula.

Kesho yake akaitwa barazani. Jaji alikuwa Bi Staha, mwanamke mrefu mwenye miwani, anayeheshimika kwa kuwa hajawahi kumkatiza mtu maneno. Kompresa ya Sikudhani iliwekwa kwenye kiti chenye mto wa mahameli, ikaunganishwa na betri ya serikali. Wageni wote wa Nyumba ya Wanaongoja walikuja kutazama na mashine zao, kwa kuwa huko baraza ndiyo starehe.

Bi Staha aliinama akaiuliza mashine kwa heshima kama ina lalamiko. Karani akabonyeza swichi. Mashine ikanyamaza. Watu wote wakaisikiliza ikinyamaza, na wengine walitikisa vichwa kwa kuguswa.

Kabla ya hukumu, sheria yao inataka wanazuoni wazungumze. Wako wa madhehebu mawili. Wa kwanza waliinuka wakasema kwamba mashine inayonyamaza imeridhika, kwani mwenye njaa hulia. Wa pili walipinga kwa ukali. Walisema mashine inayonyamaza huenda inateseka sana, lakini ina adabu, na kuitengeneza ni kuiaibisha hadharani. Walirushiana maneno hadi jasho likawatoka. Kijana mmoja wa dhehebu la pili alifika mahali akasema chanzo cha mashine kuharibika ni kutumiwa, na akaleta ushahidi kwamba ambazo hazijatolewa kwenye boksi hazijaharibika hata moja. Hoja hiyo iliwapatanisha. Wote wakamgeukia Sikudhani wakamtazama kwa masikitiko, kama mtu aliyeonekana akimtwisha mtoto mchanga gunia.

Bi Staha akamuuliza kwa upole kama ni kweli aliitumia.

"Niliitumia," Sikudhani alisema. "Niliinunua niitumie. Niliiunganisha kama mlivyosema, nikaipumzisha kama mlivyosema, ikafa mikononi mwangu. Mheshimiwa, kwetu mayai yameanza kupasuka sasa hivi tunavyozungumza. Mimi niliwaambia wenzangu nitarudi na upepo. Ahadi mnayoitunza humu ni ya kwenu. Hiyo yangu itatunzwa na nani?"

Bi Staha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kwamba uchungu wa mama umesikika, na kwamba ingawa si desturi kwa mgeni wa jana, atapewa pole kubwa. Makarani watatu wakasogea, wakashika vifua.

"Sitaki," Sikudhani alisema.

Hakuna aliyewahi kukataa pole kubwa. Makarani walibaki na mikono vifuani, hawajui waiteremshe namna gani. Sikudhani akaenda hadi kitini, akaichukua mashine yake, akaipakata, akaingiza ukucha chini ya lakiri nyekundu akaibandua. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walirudi nyuma, na Bwana Radhi alifunika macho yake kwa mikono miwili.

Lakini chini ya lakiri zilikuwapo skrubu, na skrubu hazifunguliwi kwa ukucha. Alijaribu, ukucha ukavunjika. Akatazama huku na huku, na katika nchi nzima hapakuwa na bisibisi. Askari wa baraza walikuwa wameshaanza kumjia. Hapo ndipo Makungu alipoinuka. Alisimama amekumbatia kompresa yake, halafu akaivua ile Nishani ya Subira, akapita katikati ya askari, akamwekea Sikudhani mkononi. Ukingo wake ulikuwa mwembamba. Uliingia kwenye skrubu barabara.

Kifuniko kikatoka. Wenye baraza walikuwa wamekatazwa kutazama, na wote walitazama. Bi Staha mwenyewe aliinuka kitini. Ndani hamkuwa na siri yoyote. Mlikuwa na mota, mlikuwa na nyaya, mlikuwa na pistoni fupi, na juu ya pistoni pete ya mpira iliyoyeyuka ikawa uji mweusi. Kitu cha upana wa kidole. Mtoto angekionyesha.

"Hicho tu?" Makungu aliuliza.

"Hicho tu, kaka."

Makungu aliishika mashine yake akaitazama muda mrefu. Sitaki kumdharau mtu huyu. Mashine ile alikuwa ameipangusa kuliko mtu anavyompangusa mwanawe, na kwa ajili yake alikuwa amepoteza shamba na ndugu. Aliibandua lakiri kwa meno. Ndani ya mashine yake pete ilikuwa nzima, ngumu, inang'aa, kama siku ilipotoka karakana. Kilichokatika ni waya mmoja wa swichi. Miaka yote ile ilikuwa imenyamaza kwa ajili ya waya.

"Chukua pete," alisema. "Mimi mpunga wangu umeshaliwa. Wewe bado una kuku."

Sikudhani aliitoa pete ya Makungu akaivisha pistoni yake. Vidole vyake havikutetemeka, na askari, kwa kuwa sheria yao haikuwa imefikiria jambo kama hilo, walisimama tu wakingoja amri. Akaiunganisha tena na betri ya serikali, akabonyeza swichi. Kompresa ilikohoa mara moja, ikanguruma. Mngurumo ukajaa barazani, ukatikisa miwani ya Bi Staha, na wale wageni wa Nyumba ya Wanaongoja wakaanza kutazama mashine zilizokuwa mapajani mwao kwa macho ambayo hayakuwa ya subira tena.

Bi Staha aliisikiliza hadi ilipozimwa. Kisha akakaa, akatoa hukumu, na hukumu hiyo, wanasema, inasomwa hadi leo katika shule za nchi ile. Alisema mashine imeulizwa, na imejibu kwa sauti kubwa, na imeonekana ni nzima. Kwa hiyo hakuna lalamiko, na halijawahi kuwepo. Mama aliyeibandua lakiri hana ahadi tena Ahadini, asisalimiwe, na atoke kabla jua halijazama. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba baraza lingependa kupewa ile pete iliyoyeyuka ili iangaliwe. Bwana Radhi alisema haiwezekani, maana ikishaangaliwa itakuwa imeonekana. Wanazuoni wakaanza upya.

Sikudhani hakungoja waafikiane. Aliitia mashine kikapuni. Nyuma yake nishani ilikuwa inapita mkono kwa mkono, na skrubu zilikuwa zinadondoka sakafuni moja baada ya nyingine. Makungu alimfuata mikono mitupu. Ganda la mashine yake alikuwa ameliacha kwenye kiti cha mahameli, na karani alikuwa ameinama analisikiliza. Langoni walinzi hawakumwambia Sikudhani "Utatunzwa." Walitazama pembeni, naye alipita akiwa mwepesi kuliko alivyoingia.

Walipofika njia panda Makungu alisimama, akasema hajui pa kumtafutia mdogo wake. Sikudhani alimwambia aanzie pale shamba lilipokuwa, aulize majirani, na asikubali kupewa pole na mtu yeyote hadi ampate. Wakaagana.

Mapingoni alikuta vifaranga vimeshatoka. Vya Bi Mwanakheri vilikuwa vimeliwa vyote isipokuwa kimoja, na Bi Mwanakheri alikuwa amekishika ndani ya kanga, hataki kukiweka chini. Sikudhani hakumpa pole. Aliunganisha kompresa na betri hapohapo uani, ikanguruma, bunduki ikajaa. Kunguru mmoja alikuwa amekaa juu ya paa la banda, ametulia, maana alikuwa amezoea; Sikudhani alimwangusha kwa risasi moja. Wa pili hakupata nafasi ya kutua. Jioni hiyo anga la Mapingoni lilikuwa tupu, na Bi Mwanakheri alikiweka kifaranga chake chini, kikaanza kuchakura.

Watu walimuuliza Sikudhani kama mashine imerudi na dhamana mpya. Aliwaambia haina. Je, aliwapa nishani iwe ukumbusho? Hata kidogo, nishani aliiacha kulekule, ina kazi. Alichowapa ni mashine yenyewe, imefunguliwa kifuniko, kila mmoja aangalie ndani ajue pete inakaa wapi, kwa sababu itaungua tena, na siku hiyo huenda yeye asiwepo.

Yangu yameishia hapo. Ukiyapenda yachukue, ni yako. Ukiyaona yana kasoro yafungue mwenyewe uyarekebishe, maana mimi dhamana sitoi.